Shangazi, nilikuwa namtania tu, mbona kanikimbia?

Shangazi shikamoo.

Jina langu usilitoe, we niite Mngoni wa Buguruni inatosha. Huwa nasoma majibu yako kimya kimya nacheka shida za watu, sa leo zamu yangu. Ntaandika ndefu kidogo univumilie.

Mi ni msimamizi wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, bati, nondo, rangi, masinki, vitu hivo. Chini yangu kuna vijana wa kupakia, madereva, na binti mmoja anayeshika leja. Huyo binti ni Mhehe wa Iringa na mi ni Mngoni wa Songea, na kila mtu anajua Mngoni na Mhehe ni watani toka enzi za mababu. Siku ya kwanza kaja kuripoti, kasema tu katokea Iringa nikapiga kelele jamani fungeni mbwa wote mtaani, Mhehe kaingia, akacheka, stoo nzima ikacheka, na toka hapo ndo yakawa mazoea yetu. Akija na nyama kwenye hotpoti namuuliza hii ilikuwa inalia mee au inabweka. Anacheka anaendelea kula. Sijawahi kumshika mkono vibaya wala kumwambia neno la ovyo la kike na kiume, hilo naomba ulijue mapema.

Basi mwezi uliopita tukahesabu mzigo. Leja inasema bati 180, stoo zipo 108, yani kageuza namba, sio wizi ni kalamu tu. Bosi mkubwa akauliza kwenye grupu la WhatsApp la kazini, na aliuliza kwa ukali, binti akajibu ni kosa langu naomba radhi narekebisha. Grupu zima kimya. Mi nikamwonea huruma shangazi, wallahi tena, nikasema ngoja nipunguze presha, nikaandika: "Jamani ficheni kamba zote za stoo, Mhehe kagombezwa huyu, tusije tukaitwa polisi bure." Nikabandika na stika ya kucheka. Watu wakacheka, hata bosi mkubwa akaweka emoji, ishu ya bati ikafa palepale. Kwa upande wangu nikaona nimemwokoa.

Yeye akasoma, tiki za bluu naziona, hakujibu kitu. Kesho yake hakuja, kasema anaumwa. Kurudi ni mtu mwingine kabisa, sawa bosi, ndio bosi, leja hii hapa bosi. Nikajaribu kumchangamsha na ile ya mbwa, akainuka akatoka nje. Wiki iliyofuata naletewa fomu, anaomba uhamisho aende tawi letu la Mbezi, nami ndo natakiwa kusaini.

Ndipo dada wa keshia akanivuta pembeni, akaniambia we kaka hivi hujui kwamba kaka yake yule binti alijinyonga? Na yeye ndo alimkuta? Aisee nilikaa chini. Usiku uleule nikamwandikia: "Samahani kama nilikukwaza, sikuwa na nia mbaya, ulikuwa utani tu kama unavojua sisi watani, na habari za kaka yako sikuwa nazijua, ungeniambia nisingesema." Akajibu "Sawa bosi." Basi, mpaka leo.

Sasa shangazi mi nauliza, kosa langu liko wapi? Nia yangu ilikuwa kumsaidia. Sikujua. Nimeshaomba samahani. Babu zetu walikuwa wanataniana mpaka msibani, mtani analala ndani ya kaburi hatoki mpaka alipwe, na hakuna aliyekuwa ananuna. Au vijana wa siku hizi ndo wamekuwa laini? Nimfuate tena au nimwache? Fomu nisaini? Na utani je, niache kabisa nikae kazini nimenuna kama nimefiwa?

Mngoni wa Buguruni

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, maana ya kwanza nilikasirika na nikikasirika naandika vibaya. Nianze na unachotaka kusikia: nakuamini. Naamini kweli ulimwonea huruma, naamini ulitaka bosi aache kumkaba yule mtoto mbele za watu, na naamini hukujua habari za kaka yake. Mtu mbaya angefurahi, we ulikaa chini. Kwa hiyo hapo kwenye nia tumemaliza, sirudi tena huko, ila na wewe usirudi, mana barua yako yote unazunguka hapohapo, nia yangu nia yangu, kama vile yule binti ndo amekushtaki kuwa una roho mbaya. Hajakushtaki. Ameomba kuhamia Mbezi.

Mi mwenyewe ni Mpare, na shemeji zangu Wachaga, kwa hiyo habari za utani hutonifundisha. Nimeambiwa Mpare anauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku toka sijaota meno ya nyuma, na hao shemeji zangu nawaambia wakisikia sarafu imedondoka wanafufuka. Tunaheshimiana vizuri tu. Sitaki mtu anisome hapa aseme shangazi kaukataa utani, utani umetusaidia sana nchi hii. Nyie Wangoni na Wahehe mlipigana vita kweli kati ya 1878 na 1882, watu wakafa kwelikweli na hakuna aliyemmaliza mwenzake, leo mnakutana stendi mnatukanana mnacheka. Wanyamwezi na Wazaramo nao utani wao unasimuliwa toka enzi za misafara, Mnyamwezi anashuka na mzigo toka Tabora anaelekea Bagamoyo, anapita kwa Mzaramo, hana ndugu pale, sasa akiugua au akifa njiani nani atamzika? Ndo hapo mtani anapoingia.

Na hapo ndo napokukamata mwanangu. Umesema babu zetu walitaniana mpaka msibani, kweli kabisa. Ila umesimulia nusu. Yule mtani anayelala kaburini hatoki mpaka alipwe, kaburi lenyewe kalichimba nani? Mara nyingi ni yeye na wenzake. Yule anayevaa koti la marehemu na kumwigiza alivyokuwa anatembea na kukohoa, kalala matanga pale, kasenya kuni, kabeba maji, kasaidia maiti kuoshwa. Mtani ndo wa kwanza kupewa taarifa ya msiba na ndo anapiga kazi zile ambazo wafiwa hawaziwezi kwa majonzi. Akishafanya yote hayo akafungua mdomo akasema huyu marehemu alikuwa mlevi tutapumzika sasa, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, kwa sababu anayesema ni mtu aliyeshika jeneza. Na muhimu zaidi anajua. Anajua marehemu alikufaje, anajua nani kaumia kuliko nani, anajua mtoto gani asiguswe leo. Wewe umechukua mdomo wa mtani ukaacha jembe lake. Binti kakaa chini yako muda wote huo, unajua hotpoti yake ina nini kila mchana, hujui kama ana kaka au hana.

Sasa utaniambia shangazi ningejuaje, hakuniambia. Mwanangu, msiba wa namna ile watu hawautangazi. Familia ngapi unazozijua wewe wakiulizwa wanasema aliugua ghafla, presha, sijui kichwa? Wanazika harakaharaka, majirani wananong'ona, wengine wanakataa hata kusoma dua au misa. Yule aliyemkuta ndugu yake anakaa na picha ile peke yake, hamwambii mtu, atamwambia msimamizi wa stoo? Halafu ukamwandikia "ungeniambia nisingesema". Soma tena hilo neno lako polepole. Umemwambia kosa ni la kwake kwa kutokukusimulia.

Na huo mzaha wa Mhehe na kamba, ngoja niuseme kidogo japo najua wasomaji wangu wa Iringa watanitumia meseji. Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijipiga risasi 1898 ili Wajerumani wasimkamate, darasani tunafundishwa ni ushujaa, tunakariri mwaka tunapata maksi, tukitoka nje tunageuza kabila zima kichekesho cha kujinyonga. Yani watu wanafanya kama jambo lile lina kabila. Wa kila kabila wanakufa hivo na kila ukoo unaficha wake. Mzaha wa mbwa hata kama umechosha (na umechosha, tafuta mwingine bana) hauna maiti ndani yake. Ule wa kamba unao, na kwenye grupu la watu wengi unaurusha hujui utamwangukia nani. Inawezekana kabisa kuna dereva pale kacheka na yeye usiku hakulala.

Halafu kuna hili la pili ambalo naona hujaliona kabisa kwenye barua nzima. We ni bosi wake.

Angalia Simba na Yanga, watani wa jadi, wanasemana maneno ambayo ukiyaandika hapa mhariri anafuta. Mei 2012 Simba kampiga Yanga tano bila, watu wa Yanga wakatambiwa miaka na miaka, wakivaa jezi wanaonyeshwa vidole vitano. Wakasubiri. Novemba 2023 wakarudisha tano moja, na sasa nani anaonyesha vidole? Ndo utani huo, una zamu, leo mimi kesho wewe. Sasa niambie, toka huyu binti kaanza kazi yeye kakutania lini? Kakwambia nini? Maana kwenye utani wa Mngoni na Mhehe, Mhehe naye ana ya kwake ya kusema, tena makali, mnavojisifu mlitoka kusini mkavuka Zambezi mkapiga kila mtu halafu mkafika kwao mkakwama. Aliwahi kukwambia hivo mbele ya vijana wa kupakia? Barua yako ina vichekesho vyako vitatu, vya kwake hata kimoja. Alichokuwa anafanya yeye ni kucheka na kuendelea kula, na mtu ambaye ruhusa yake, zamu yake na saini ya likizo yake viko mkononi mwako atacheka tu mwanangu, hata ungesema mbuzi anaruka atacheka. Mi nimefanya kazi ofisi za watu, nimecheka vichekesho vya mabosi ambavyo hata mke wa bosi mwenyewe hacheki. Kile kicheko chake ulikihesabu kuwa ni ruhusa. Kilikuwa ni adabu.

Na kwenye lile grupu ndo kabisa. Mtu kashakiri kosa mbele ya bosi mkubwa, kainamisha kichwa, na wewe ndo msimamizi wake. Ulikuwa na maneno mengi ya kumwokoa. "Bosi ni namba imegeuzwa, nimeihakiki mwenyewe, mzigo upo wote." Maneno machache tu, na yangemtosha kabisa, tena yangekupa heshima na wewe. Badala yake ukamfanya yeye mwenyewe ndo kichekesho, ishu ikaisha kweli, lakini iliisha kwa gharama yake. Kilichopungua pale ni presha ya grupu, na presha yako wewe uliyekuwa unaona aibu stoo yako kuulizwa. Ya kwake iliongezeka. Samahani nakuwa mkali ila umeniuliza kosa liko wapi.

Nikukumbushe pia, sio kwa kukutisha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila lake au mahali anapotoka, na kumnyanyasa mtu kwa misingi hiyo inahesabika ni ubaguzi uleule. Akiamua kuipeleka ile meseji mbele itakayosomwa ni meseji, stika na jina lako juu yake. Huruma uliyokuwa nayo moyoni haikuandikwa pale. Yeye hajaipeleka popote, kaomba uhamisho tu, kwa hiyo hilo la ulaini wa vijana wa siku hizi naomba ulifute. Mtu kakutwa na mzaha wa namna ile, halafu karudi kazini anakuletea leja, huyo ni mgumu kuliko mimi na wewe.

Haya, tufanyeje.

Kwanza yule dada wa keshia, kamfuate umwombe radhi, tena leo, kabla hujafanya lingine lolote. Kakunong'oneza siri ya mtu ili ujirekebishe, we usiku uleule ukamwandikia mwenye siri "habari za kaka yako". Sasa binti anajua kuna mtu kamsema, na kazini pale wanaojua hawawezi kuwa wengi. Umevunja urafiki wa watu wawili kwa meseji moja na hata hukugundua. Mwombe huyo dada, kama bado wanaongea, amuulize binti kama yuko tayari kukusikiliza kidogo. Akisema hapana ni hapana, usitume mwingine, usimvizie getini, usimpigie usiku.

Akikubali, muende sehemu ya wazi ambayo hatoona amefungiwa, huyo dada awepo karibu akitaka, na unachotangulia kusema ni pole. Sio samahani, pole. Mtu kafiwa na kaka yake na wewe hujawahi kumpa pole. Kwetu pole haina mwisho wa muda, hata ikichelewa miaka inapokelewa. Usimuulize ilikuwaje, usimuulize kwanini, hayo hayakuhusu. Baada ya hapo ndo useme ulichofanya kwa jina lake: niliandika mzaha wa kifo mbele ya watu wakati wewe uko kwenye shida, na mimi ndo niliyetakiwa kukutetea. Nisamehe. Ukiweka "kama" pale mbele, "kama nilikukwaza", umeharibu, maana unamwambia athibitishe kwanza kwamba aliumia. Usiseme nia. Usiseme utani. Usiseme sikujua, anajua hukujua, angeona ulijua angeshaenda kwa afisa utumishi siku nyingi. Halafu nyamaza. Akilia asipolia, akikusamehe asipokusamehe, we unashukuru kwa kukusikiliza unaondoka. Najua utatamani akuambie yameisha bosi usijali, usiitafute hiyo sentensi, maana akikupa saivi atakupa ileile ya kwenye hotpoti.

La grupu. Ulimtaja mbele za watu, kwa hiyo na kurekebisha kuwe mbele za watu, ila humtaji tena yeye wala kabila lake wala kaka yake, hilo la kaka lisigusweguswe kabisa. Andika kifupi tu kwamba siku ile kwenye ishu ya bati niliandika mzaha usiofaa kuhusu kujiua, naomba radhi kwa wote, na ile hesabu ilikuwa ni namba kugeuzwa na imesharekebishwa. Mtu akileta stika ya kucheka chini yake usimjibu. Muulize binti kwanza lakini kama anataka hilo lifanyike, yawezekana anachotaka ni watu wasahau, na hapo uamuzi ni wake.

Kuhusu kuacha utani, nani kakwambia uache? Huko kununa kama umefiwa ndo ungeturudisha palepale. Wale vijana wa kupakia ambao wanakurudishia, wanaokuita Mngoni mla panya mbele ya wateja na we unacheka, endelea nao. Kipimo changu mi ni kidogo tu, huyu ninayemtania ameshawahi kunitania akanichoma na asiogope kesho? Kama hajawahi, basi hatutaniani, namchezea. Anza na yule mgeni anayeanza kazi, muulize ya kwao, wazazi wapo, ndugu wako wangapi, kaumwa umfuate, kafiwa uende ukakae kwenye mkeka hata kama ni Kibaha mwisho. Halafu utakuta na wewe siku moja anakurushia neno, stoo nzima inacheka, na unakosa la kujibu.

Fomu saini. Saini leo, usiikalie kusubiri kwanza muelewane, kuikalia ni kumshikia roho. Na pale chini penye maoni ya msimamizi usiandike mambo ya nidhamu na "ana hasira za haraka", nawajua nyie mabosi mkikataliwa. Andika kazi yake, kwamba leja yake iko safi, na ile hesabu ya bati iliyokosewa aliikiri mwenyewe na akairekebisha bila kusukumwa. Kopi moja mpe yeye akaisome kabla haijaenda Mbezi.